Bodi Ikizimika, Nani Anakumbuka?

Nilichomeka waya wa USB kwenye chaja ya simu, sio kwenye kompyuta, nilitaka tu kujua kama bodi inapokea umeme, na kabla sijatoa mkono taa ya DONE, ile inayosema chipu imeshapakia dizaini, ikawaka na LED nne za pembeni zikaanza kukimbizana, hii inawaka ile inazima, zinafika mwisho zinageuka zinarudi.

Hakuna kompyuta. Hakuna JTAG, ile njia ya kuipakia chipu dizaini kutoka kwenye kompyuta. Hakuna aliyeiambia kitu.

Bodi yenyewe ina FPGA (chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe) ya Artix-7, ile ndogo ya 35T, nimepewa na rafiki aliyebadili kazi, na yeye alipewa na mtu mwingine kabla yake. Nilimuuliza kama hizo taa ni dizaini yake akasema hapana, yeye aliitumia kwa JTAG tu, kila akiwasha anaipakia upya kutoka kwenye laptop. Kwahiyo kilichokuwa kinacheza mbele yangu ni kazi ya mtu ambaye sisi wote wawili hatumjui, imekaa humo ndani miaka na miaka, inaamka kila bodi ikipata umeme, alafu inalala.

Najua jibu la darasani. Ni flashi, kumbukumbu isiyosahau umeme ukikatika. Kila mtu anayegusa hizi bodi anajua kuna flashi. Lakini hilo jibu halikunitosha, wiki kadhaa nimekuwa nikirudi kwenye swali lilelile nikiwa nafanya mambo mengine kabisa: dizaini inaishi wapi hasa? Tunasema "nimeiweka kwenye FPGA". Hivi kweli tumeiweka?

## Chipu inayoanza upya kila mara

Ukweli ni kwamba FPGA ya aina hii haikumbuki lolote. Usanidi wake wote, kila waya uliounganishwa, kila jedwali la ukweli ndani ya kila LUT (kijedwali kinachofanya kazi ya lojiki), umeshikwa na seli za SRAM, na seli ya SRAM inashika biti yake kwa muda umeme upo. Umeme ukikatika imeisha. Kwa 35T hizo biti ni 17,536,096, yani kama megabaiti 2.2, na zote zinapotea kwa mpigo mmoja kama hazijawahi kuwepo.

Hiki kitu kilinikera muda mrefu, nilikiona kama kasoro ambayo watu wameizoea tu. Mbona wasiweke flashi humohumo ndani tukamaliza? Na wapo waliofanya. Actel walikuwa na chipu za antifuse, ukishaichoma imechomeka, hairudi. Baadae zikaja zao zenye seli za flashi zenyewe. MAX 10 ya Altera ina flashi ndani, inabeba hata picha mbili za usanidi. Zile FPGA ndogo za iCE40 nyingi nazo zina kumbukumbu ya kuandika mara moja tu, japo wengi wetu hatuigusi tunatumia flashi ya nje.

Lakini Xilinx, watengenezaji wa Artix-7, ambayo saivi iko chini ya AMD, ilianza na SRAM tangu XC2064 ya mwaka 1985, chipu yenye bloki 64 za lojiki, na njia hiyo ndo imebeba FPGA kubwa karibu zote hadi leo. Sababu moja ni ya kiwandani. Seli ya SRAM inatengenezwa kwa transista zilezile za lojiki, kwahiyo kila transista zikipungua ukubwa nayo inapungua bila hatua za ziada, wakati flashi inadai tabaka zake na volti zake na inabaki nyuma.

Sababu ya pili ndo iliyonigeuza.

SRAM haichakai kwa kuandikwa. Unaweza kuipakia dizaini mbovu asubuhi, ukairekebisha, ukapakia tena, na tena, mwaka mzima, chipu haikudai chochote. Na kila ikiwashwa inaanzia sifuri, inafuta seli zake zote kwanza ndo inaanza kusoma. Hakuna mabaki ya jana. Mimi niliyekuwa naona ni udhaifu nikaanza kuona ni uamuzi: sehemu inayofanya kazi isibebe historia, historia ikae kwingine, mahali unapoweza kuiona na kuibadilisha bila kuigusa chipu.

Hapo kwenye "kwingine" ndo penye mambo.

## Miguu minane

Ukiigeuza bodi ukatafuta vizuri karibu na FPGA utaona chipu nyeusi ndogo yenye miguu minane, wengi huipita wakidhani ni kirekebishi cha umeme au kitu kama hicho. Hiyo ndo flashi ya SPI, yani inaongea kwa nyaya chache tu. Kwenye bodi yangu ni ya megabaiti 16. Humo ndo kila kitu.

Umeme ukija, FPGA inajifuta, alafu inaangalia pini zake tatu za M kujua isanidiwe vipi. Zikisomeka 001 inajua yenyewe ndo itoe kloki na kwenda kusoma flashi ya SPI. Zikisomeka 101 inakaa inasubiri JTAG. Kwenye bodi nyingi kuna jampa ndogo inayobadilisha hilo, na ukiitoa au kuihamisha bodi iliyokuwa inaamka yenyewe inakaa kimya kabisa, watu wanaitupa wakidhani imeungua.

Kusoma kunaanzia anwani 0. FPGA inapita baiti moja moja ikitafuta neno la kusawazisha, AA 99 55 66, ikilipata ndo inajua kwamba kuanzia hapo ni maagizo. Yanayofuata sio picha tu ya biti, ni amri: andika rejista hii, hakikisha utambulisho wa chipu ni huu, sasa pokea fremu (vipande vya usanidi). Na katika amri za mwanzo kuna zinazosema namna ya kusoma zilizobaki! Faili linaanza kusomwa polepole kwa waya mmoja, linafika mahali linasema ongeza kloki, hamia waya nne, na FPGA inatii, inaendelea kwa mwendo mpya.

Na mwendo sio jambo dogo. Ukiiacha ilivyo, kloki ya kusoma ni kama megahezi 3 kwa waya mmoja, piga hesabu biti 17,536,096 gawanya kwa milioni 3, unapata karibu sekunde 6 bodi imekaa kama imekufa. Weka megahezi 33 na waya nne, inashuka hadi sekunde 0.13 hivi. Bodi ileile, dizaini ileile, tofauti ni mistari miwili kwenye faili la vikwazo, lile la kuiambia zana mipangilio ya bodi. Kwa LED za kukimbizana hata sekunde 6 sio neno, lakini kifaa cha PCIe, kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta, kina kama milisekunde 100 za kuwa tayari kompyuta ikiwaka, ukichelewa kompyuta inaendelea na maisha yake kana kwamba haupo kwenye sloti.

Nilipokuwa napiga hizi hesabu ndo niliona kwamba flashi sio kabati la kuhifadhia tu. Inaamua bodi inaamka lini, inaamka na nini, na inaamka kabisa au la. Ni sehemu ya dizaini sawasawa na Verilog, lugha tunayoiandikia dizaini, ila hakuna anayeifanyia simuleshen (simuleshen zetu zote zinaanzia pale usanidi umeshakamilika, kila rejista ina thamani yake ya mwanzo, kila kitu safi).

## Kusoma kabla ya kufuta

Nilitaka hiyo bodi kwa kazi yangu. Maana yake kuandika juu ya kazi ya huyo mtu.

Kitu rahisi, kitufe kimoja. Nikashindwa kukibonyeza. Sio kwamba taa nne zina thamani, ni kwamba sikujua kama ni taa nne tu. Megabaiti 16 ni nyingi, bitistrimu (faili la usanidi) ya 35T inachukua 2.2, hizo karibu 14 zilizobaki zina nini? Rafiki yangu aliniambia futa tu. Nikasema nisome kwanza.

Hapa kuna jambo ambalo ukilifikiria linashangaza. Kompyuta haijaunganishwa na flashi. Imeunganishwa na FPGA kwa JTAG, na ni FPGA iliyo na nyaya za kwenda kwenye flashi. Kwahiyo programu ya kusoma flashi inafanya hivi: inapakia kwanza kidizaini kidogo ndani ya FPGA, kazi yake ni kuwa daraja tu, kinapokea upande wa JTAG kinapeleka upande wa SPI. openFPGALoader inafanya hivyo, zana za watengenezaji zinafanya hivyo. Yani ili nisome dizaini ya mgeni kutoka kwenye flashi ilibidi kwanza niitoe dizaini ya mgeni kutoka kwenye FPGA.

Taa zikazima. Nikajua hazijapotea, zipo mita chache za waya wa shaba kutoka, hapana, milimita chache, lakini bado nilishika pumzi.

Megabaiti 16 zikashuka kwenye faili. Nikalifungua kwa kihariri cha heksa.

Mwanzo FF nyingi, kisha AA 99 55 66 kama ilivyotarajiwa. Mbele kidogo utambulisho wa chipu, 0362D093, ndo 35T yenyewe. Kisha data, data, data, kisha FF mfululizo. Nikashuka nikijua nimemaliza, na huko chini, kwenye anwani 400000 kwa heksa, AA 99 55 66 nyingine.

Picha ya pili.

Nililinganisha hizo mbili hazifanani. Na karibu na mwisho wa flashi kulikuwa na kipande kingine, namba zimepangwa kwa mpangilio, hazina neno la kusawazisha, hazina sura ya bitistrimu. Kwa jinsi zilivyopanda taratibu nadhani ni jedwali la kusahihisha vipimo vya kihisi fulani. Kama ni hivyo basi kuna mtu alikaa na kihisi chake na kipimo cha kuaminika pembeni, akaandika thamani moja moja. Ningefuta tu kama nilivyoambiwa, hiyo kazi ingekwisha bila mtu yeyote kujua kwamba iliwahi kuwepo.

Faili hilo nimelihifadhi. Sijui nitampa nani.

## Picha mbili, na imani kiasi gani

Hiyo picha ya pili ndo ilinipeleka mbali. Mpangilio wa namna hiyo una maana yake: anwani 0 inakaa picha ya akiba, ile iliyojaribiwa ikaaminika, na picha ya kazi inakaa mbele. Ndani ya ile ya akiba kuna amri mbili mwanzoni, moja inaandika anwani ya picha ya mbele kwenye rejista inayoitwa WBSTAR, ya pili, IPROG, inaiambia FPGA anza upya kutokea hiyo anwani. Picha ya mbele ikiwa imeharibika FPGA yenyewe inarudi anwani 0 na kupakia akiba.

Kwanini mtu ajisumbue hivyo? Kwasababu ya namna flashi inavyoandikwa.

Flashi ya NOR, ndo aina ya hizi, haiandiki kama RAM. Kuandika kunaweza kugeuza 1 kuwa 0 tu. Kurudisha 0 kuwa 1 lazima ufute, na hufuti baiti, unafuta sekta nzima, kilobaiti 4 au 64 kwa mara moja, zote zinakuwa FF. Ndo maana sehemu tupu zimejaa FF. Ukishafuta ndo unaandika, peji ya baiti 256 baada ya peji. Kufuta kunachukua muda, kuandika kunachukua muda, na muda wote huo bodi haina dizaini kamili kwenye flashi. Umeme ukikatika hapo katikati una nusu ya dizaini mpya na hakuna ya zamani.

Mezani sio tatizo, una JTAG, unaandika tena. Lakini bodi iliyofungwa ndani ya boksi juu ya nguzo huko, inayojisasisha kupitia mtandao? Ndo imeisha hiyo, mpaka mtu apande.

Kwahiyo picha ya akiba usiiguse kamwe. Andika ile ya mbele tu. Na flashi nyingi zina biti za ulinzi kwenye rejista yake ya hali, unaweza kufunga sekta za mwanzo zisiandikike, na nadhani yeyote anayepeleka bodi mbali na meza bila kufanya hivyo anacheza na kitu ambacho hataweza kukirudisha.

Ila hapa nilikwama tena, kwasababu kuna shimo. FPGA inarudi kwenye akiba ikikuta CRC (namba ya kuhakiki biti) hailingani, au utambulisho wa chipu sio wake, au muda umepita haijamaliza. Yote hayo yanakamata faili lililoharibika. Hayakamati dizaini isiyo sahihi. Nikiandika picha nzima, safi, CRC yake sawa, ila Verilog yangu ina kosa linalofanya Ethernet isiamke, FPGA itaipakia kwa furaha zote, DONE itawaka, na bodi itakuwa hai na haifikiki.

CRC inasema biti zimefika salama. Haisemi biti zina akili.

Kuna kipima muda cha ulinzi kinachoweza kuendelea hata baada ya usanidi kukamilika, dizaini yenyewe lazima ikiguse mara kwa mara, isipokigusa chipu inarudi kwenye akiba. Na hapo swali linakuja kwako wewe mwandishi: dizaini ikiguse lini? Ukiweka kaunta tu inayokigusa kila baada ya muda, kaunta itafanya kazi hata kama kila kitu kingine kimekufa. Mimi naona mguso uje baada ya jambo lenyewe unalolihitaji kutokea, mfano pakiti imepokelewa na kujibiwa. Ni kazi zaidi, na kuna hatari yake, mtandao ukikatika kwa sababu za nje bodi nzuri itajirudisha kwenye akiba bure. Sijapata njia isiyo na gharama upande wowote. Nimechagua kuvumilia hiyo ya kurudi bure, kwasababu bodi iliyorudi bure bado nitaipata.

## Anayekumbuka naye ana vya kusahau

Jambo lililonichukua muda zaidi kulielewa halikuwa kwenye bodi hii, lilikuwa kwenye nyingine yenye flashi ya megabaiti 32. Ukichomoa umeme na kurudisha, inaamka vizuri. Ukibonyeza kitufe cha PROG, kile cha kuifanya FPGA ijisanidi upya, inakufa. Kila mara. Umeme, sawa. Kitufe, imekufa.

Anwani za kawaida za SPI ni baiti 3, biti 24, na biti 24 zinafika megabaiti 16 basi. Flashi kubwa zaidi ina hali ya anwani za baiti 4, unaiingiza kwa amri B7. Dizaini iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa imeiweka flashi kwenye hali hiyo ili isome data yake ya juu. Sasa kitufe cha PROG kinaanzisha upya FPGA, flashi hakiigusi, zile chipu za miguu minane nyingi hazina hata mguu wa riseti wa kutegemea. FPGA inaamka upya imesahau yote, inaomba kusoma kwa anwani ya baiti 3 kama ilivyozaliwa, na flashi inasubiri baiti ya nne. Tangu hapo hawaelewani tena kusoma kunaanzia wapi. Usanidi haukamiliki ng'o.

Chomoa umeme, flashi nayo inasahau hali yake, wanakutana tena mwanzo, mambo shwari.

Nilikaa na hili. Flashi ambayo karatasi yake ya data inaahidi kushika biti miaka 20 na kuvumilia kufutwa mara 100,000 kwa kila sekta, nayo ina kijisehemu kinachosahau umeme ukienda, na uzima wa bodi unategemea kwamba *kisahau kwa wakati mmoja na FPGA*. Hali ya kusoma mfululizo ya waya nne ina mtego huohuo, flashi inakuwa inasubiri anwani bila amri, na hiyo inatokea hata kwenye flashi ya megabaiti 16. iCE40 wao walilifikiria upande fulani: chipu ikimaliza kujisanidi inailaza flashi kwa amri B9, na ikitaka kusoma tena inaanza kwa AB ya kuiamsha, kwahiyo anayetaka kuitumia flashi kutoka kwenye dizaini yake asipotuma AB kwanza atapata kimya tu na kudhani pini zake amezikosea.

Dawa ipo. Dizaini ikimaliza na flashi iirudishe ilivyoikuta, E9 ya kutoka baiti 4, au 66 ikifuatiwa na 99 ambayo ni riseti ya programu kwa flashi nyingi. Lakini dizaini iliyoning'inia katikati haitatuma chochote. Ndo maana saivi nikitazama mchoro wa bodi mpya kitu cha kwanza naangalia ni kama flashi inaweza kurisetiwa kwa waya.

## Zilizobaki kwa haraka, isipokuwa moja

DDR3, ile RAM ya nje ya FPGA, siisemi sana, hiyo inasahau hata ukiwa unaitazama, kila safu isiporudishiwa chaji ndani ya milisekunde 64 hakuna uhakika na kilichomo. EEPROM ndogo ya I2C inayobeba anwani ya MAC ya Ethernet, zile aina ya 24AA02E48, nusu yake ina namba iliyoandikwa kiwandani na imefungwa haiandikiki, safi sana, kitu cha utambulisho kinatakiwa kuwa hivyo.

Block RAM, kumbukumbu iliyo ndani ya FPGA yenyewe, ndo nataka kusimama nayo kidogo.

35T ina bloki 50 za kilobiti 36 kila moja, jumla kilobiti 1,800. Thamani za mwanzo za hizo bloki ziko ndani ya bitistrimu, kwahiyo ukiweka programu ya prosesa laini (iliyojengwa kwa lojiki ya FPGA) humo inaamka nayo tayari. Raha. Watu wengi wanaishi hapo na hawapati shida, mpaka wabonyeze riseti. Riseti ya dizaini hairudishi maudhui ya block RAM. Prosesa inaanza upya kutoka mwanzo wa programu lakini vigezo vyake vilivyokuwa na thamani za mwanzo vimeshabadilishwa na mzunguko uliopita, na hakuna wa kuvirudisha, maana nakala ya asili iko kwenye flashi na hakuna aliyeenda kuisoma. Programu inayofanya kazi vizuri baada ya umeme na kufanya vituko baada ya riseti, angalia hapo kabla hujatafuta mchawi kwenye kloki.

## Yeyote mwenye waya

Nilisoma flashi ya mtu nisiyemjua, yote, bila nenosiri. Hilo lilinikaa kooni kuliko nilivyotegemea.

Chochote ulichokiweka kama thamani ya mwanzo kwenye block RAM, ufunguo, nenosiri la Wi-Fi, kipo kwenye hiyo chipu ya miguu minane, na mwenye klipu ya kubana anaisoma hata bila FPGA. Ulinzi wa familia ya 7, Artix-7 ikiwemo, ni kusimba bitistrimu kwa AES-256, ufunguo ukikaa ndani ya FPGA kwenye eFUSE (fyuzi za kuchomwa mara moja) au kwenye RAM inayoshikwa na betri. Mwaka 2020 Maik Ender, Amir Moradi na Christof Paar walionyesha shambulio lililoitwa Starbleed dhidi ya familia hiyo na Virtex-6. Wanaibadilisha bitistrimu iliyosimbwa kidogo tu ili chipu ikishaifungua ndani iandike neno moja la siri kwenye rejista. CRC na ukaguzi unagoma baadae, chipu inajianzisha upya, inafuta kila kitu. Isipokuwa rejista moja ambayo kwa makusudi haifutwi na riseti, kwasababu inabidi ikumbuke anwani ya picha inayofuata.

WBSTAR. Ileile.

Wanaisoma, neno moja, alafu wanarudia kwa linalofuata. Iko kwenye silikoni, hakuna sasisho la kuirekebisha. Nimesoma hiyo kazi mara kadhaa na kila mara nasimama hapo: rejista iliyowekwa kumbukumbu kwa ajili ya kuokoa bodi ndo hiyohiyo iliyotoa siri nje.

## Ninachofanya saivi

Kila dizaini yangu saivi inabeba rejista ya USR_ACCESS, biti 32 unazoziweka wakati wa kutengeneza bitistrimu na dizaini inaweza kuzisoma ikiwa inakimbia. Zana inaweza kujaza tarehe na saa yenyewe, lakini mimi naweka herufi 8 za kwanza za utambulisho wa komiti ya Git (toleo la kodi lililohifadhiwa), herufi 8 za heksa ndo biti 32 kamili. Bodi ikiamka kitu cha kwanza inachotoa kwenye UART, njia yake ya kutuma maandishi, ni hizo herufi, pamoja na kusema imetoka picha ya akiba au ya kazi.

Na kwenye kila mradi kuna faili dogo la maandishi pembeni ya Verilog, linasema kuanzia anwani hii hadi hii kuna nini, nani anaandika, nani haruhusiwi kugusa, na flashi inaachwa kwenye hali gani. Nakala yake fupi naiandika pia ndani ya flashi yenyewe, sekta ya mwisho, kwa ASCII ya kawaida, ili atakayeifungua kwa kihariri cha heksa aikute anasoma maneno na sio kubahatisha kama nilivyobahatisha mimi lile jedwali. Kilobaiti 4 zinatosha na zinabaki.